Risasi ya Bunduki Moja

Mzee Orval Stenerud alikuwa amekwisha kujihukumu kabla Sajini Roslyn Skaar hajazima gari. Mlango wa banda lake ulikuwa wazi, na kutoka uani Roslyn alimwona akifungua skrubu za mashine ya kushindilia risasi, ile ya chuma cha kijani iliyokaa kwenye meza ile ile tangu mkewe akiwa hai. Mizani yake ya baruti ilikuwa imeviringishwa ndani ya taulo. Makopo ya baruti yalikuwa yamepangwa ndani ya boksi karibu na mlango, na juu ya boksi ameandika kwa kalamu nene: CHUKUA, BURE.

"Unafanya nini, mzee?"

"Ninachopaswa kufanya," alijibu bila kugeuka. "Sherifu kanitaka saa kumi nikaweke sahihi. Nikirudi sitaki kukuta hata punje ya baruti hapa ndani."

Mji wote wa Bell Coulee ulijua ni sahihi ya nini. Jumamosi iliyopita, kwenye uwanja wa shabaha uliokuwa zamani shimo la kokoto, Verlin Brekhus alikuwa akiipima bunduki yake ya magnum kwa ajili ya msimu wa kulungu wa milimani. Verlin alikuwa mwongoza wawindaji, mtu wa makini, asiyefyatua risasi mbili pale moja inapotosha. Bunduki ilipasuka mikononi mwake na komeo, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, likamrudi usoni. Risasi ilikuwa imetengenezwa kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa Orval. Polisi walipofika kwenye banda hili siku hiyo hiyo walikuta mezani makopo mawili ya baruti, wazi, bega kwa bega: moja la baruti ya polepole ya bunduki kubwa, jingine la baruti kali ya bastola, ambayo ikijazwa kwenye ganda la bunduki kubwa huipasua.

Sherifu Dwight Amdahl hakuhitaji zaidi. Mzee, mikono inatetemeka, makopo mawili, kachanganya. Akiri uzembe, asifungwe, ila asiguse tena silaha maisha yake yote, na jina lake lisomwe mahakamani kuwa ndilo lililomuua Verlin Brekhus. Amdahl alitaka jambo hilo limalizike leo, kwa kuwa kesho msimu unafunguliwa, na tangu achaguliwe hajawahi kuikosa alfajiri ya kwanza.

Hilo la kulungu lilimchoma Roslyn. Lakini lililomchoma zaidi ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa ameamini.

Watu wa kazi hii wana sheria moja wasiyoivunja hata wakiwa na homa: kopo moja tu mezani. Ukimaliza, baruti iliyobaki kwenye kipimio, kile chombo kinachoigawa ganda baada ya ganda, unairudisha kwenye kopo lake, unafunga kifuniko, unalipandisha kopo rafuni, ndipo jingine lishuke. Kumwaga mabaki kwenye kopo lisilo lake ndiko kosa wanaloliota usiku wakaamka wameloa jasho. Orval alimweleza Roslyn, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, kwamba makopo yale mawili aliyaona kwa macho yake. Hakumbuki kulishusha lile la bastola, na hilo ndilo lililommaliza. Akasema mtu asiyekumbuka hana haki ya kubisha.

"Basi usibishe," Roslyn alisema. "Irudishe mashine mezani. Nina kazi nayo."

"Sajini, mimi na wewe tusisumbuane."

"Mzee Orval, nimetoka ofisini nimegombana na kila mtu mwenye nyota begani. Ukinigomea na wewe nitakaa hapa chini nipige kelele mpaka majirani waje. Irudishe."

Aliirudisha. Alikaza skrubu polepole, na Roslyn akaona kwamba mikono ile iliyoandikwa kwenye faili kuwa inatetemeka ilitulia mara tu iliposhika kifaa.

Roslyn alitoa mfuko wa ushahidi. Ndani kulikuwa na kisanduku cha plastiki chenye matundu, na matundu ya safu za nyuma bado yalikuwa na risasi. Alimuuliza mzee anazipangaje. Orval akasema anazipanga kama anavyozitengeneza, ya kwanza kwenye kona ya kushoto, inayofuata pembeni yake, na Verlin alizipiga kwa mpangilio huo huo. Walifanya hivyo majira yote ya baridi. Risasi ikienda kombo unajua imezaliwa baada ya ipi.

"Iliyomuua ilitoka tundu hili, katikati ya safu," Roslyn alisema. "Za kabla yake alizipiga zikaenda sawa. Jirani yake ni hii hapa. Ivunje."

Kifaa cha kuvunjia risasi ni kama nyundo ya plastiki yenye kichwa chenye uwazi. Orval aliitia risasi ndani, akagonga kwenye gogo, akagonga tena, na kichwa cha risasi kikang'oka pamoja na baruti yake. Aliimwaga kwenye karatasi nyeupe. Vijiti vyeusi, vifupi, kama majani ya chai yaliyokatwa kwa mkasi. Baruti ya bastola huwa vipande bapa kama pilipili manga iliyotwangwa. Hata asiyejua kitu angeweza kuzitofautisha akiwa mlangoni. Akavunja inayofuata, na inayofuata. Vijiti vitupu, mpaka kisanduku kikaisha.

Orval alibaki akiitazama karatasi.

"Ungekosea kumwaga," Roslyn alisema, "baruti ya bastola ingekuwa ndani ya kipimio. Ingeingia kwenye ganda hili, na lile, na lile, mpaka iishe. Niambie ni baruti gani inayoingia ganda moja katikati ya safu, halafu inatoweka bila kuacha hata unga kwa jirani."

"Hakuna."

"Sema tena."

"Hakuna baruti ya hivyo." Alikaa kwenye stuli. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, alikasirika, na hasira hiyo ilimfaa kuliko ule upole wa mtu anayekwenda kunyongwa. "Mtu kaniingilia kwenye kazi yangu," alisema. "Kaingiza mkono mchafu ndani ya kisanduku changu."

Roslyn alimwacha aseme, na mzee akasema yote. Risasi ile waliitafuta pamoja na Verlin tangu theluji ya kwanza. Walianza na baruti kidogo, wakaongeza kwa kiasi cha punje, na kila hatua Verlin anapiga, wanatembea mpaka kwenye karatasi ya shabaha, wanatazama matundu. Baada ya kila risasi Orval aliokota ganda na kukisoma kitako chake kwa kioo cha kukuzia, kwa maana shaba inasema mapema kuliko chuma: kitako kikianza kung'aa alama ya komeo, au komeo likiwa zito kuinuka, umepitiliza, rudi nyuma. Wakarudi nyuma. Wakapata kiasi ambacho bunduki ilikipenda, lakini matundu bado yalitawanyika. Hapo ndipo wakaanza kucheza na kichwa cha risasi, kukitoa nje kidogo, kukirudisha kidogo, mpaka kikakaa karibu kabisa na mwanzo wa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Bunduki ya Verlin ilikuwa ya zamani na koo la mtutu wake limeliwa na moto, refu kuliko la bunduki nyingine. Ilibidi kichwa kikae nje kuliko kawaida, kwa unene wa ukucha. Walipofika hapo, matundu yote yaliingia ndani ya duara la kizibo cha chupa. Verlin alikaa juu ya theluji akacheka peke yake.

"Risasi ya Verlin ilikuwa ya bunduki ya Verlin," Orval alimaliza. "Ukiipeleka kwenye bunduki nyingine ya namba ile ile, kichwa kitagonga mifereji kabla komeo halijafunga. Haitaingia."

Roslyn aliyekuwa akitembea tembea akasimama.

"Aliyeweka ile mbaya aliitoa nzuri," alisema. "Kisanduku kilikuwa kimejaa. Ile nzuri iko wapi?"

Orval alianza kusema imetupwa mtoni, akanyamaza. Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamekulia kwenye mji huu, na wote wawili walikuwa wamewaona watu wazima, wenye mashamba na ng'ombe, wakipiga magoti kwenye matope kutafuta ganda moja tupu lililoruka.

Roslyn akamuuliza nani alikichukua kisanduku hapa. Orval alimjibu kwamba ni Garth Vandersloot, mshirika wa Verlin na mwenye bunduki ya namba ile ile, siku mbili kabla ya kifo, akisema Verlin yuko juu mlimani na nyumbu. Hayo Garth hakuyakataa. Kwenye maelezo yake ya kwanza alimwambia Roslyn kwamba alikichukua kisanduku, akamkabidhi Verlin asubuhi yake, hakukifungua. Na alipoulizwa kama yeye naye hutumia risasi za Orval, aliudhika kabisa. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuweka risasi ya mtu mwingine kwenye bunduki yake, wala hajapata kupewa. Roslyn aliyaandika na Garth akatia sahihi. Siku ile Roslyn hakuyatilia maanani, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwa Lenore, mjane wa Verlin, anayepiga bastola kwenye mashindano na mwenye kopo la baruti ya bastola kama lile jikoni kwake. Siku nzima alimhoji mwanamke mwenye msiba, na alichopata ni kufungiwa mlango usoni na kuambiwa kwamba kama polisi wana akili waende wakamuulize Garth kwa nini Verlin alitaka kumripoti kwenye bodi ya leseni. Garth alikuwa amempeleka mteja tajiri kuua kulungu ndani ya hifadhi iliyofungwa. Leseni ikifutwa, Garth hana kazi duniani.

Na lile kopo la pili? Verlin alipoanguka, Garth ndiye aliyeondoka na gari kwenda kutafuta mtandao wa simu aite gari la wagonjwa. Mtandao unashika kwenye kilima. Barabara ya kilimani inapita mbele ya banda hili, ambalo halijawahi kufungwa kwa kufuli, na wakati huo Orval alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto akimfunika Verlin koti.

"Usiende popote," Roslyn alimwambia. "Na hilo boksi lako la bure litoe mlangoni kabla sijalipiga teke."

Kwenye zizi la Garth Vandersloot nyumbu walikuwa wanafungwa mizigo. Sherifu Amdahl alikuwepo, kofia ya rangi ya chungwa kichwani, bakuli la maharage ya pilipili mkononi na mkate wa mdalasini juu yake, kama desturi ya siku ya kuamkia msimu. Wateja watatu kutoka mjini walikaa kwenye majani makavu wakila. Amdahl alipomwona Roslyn uso ukamshuka. Akamuuliza mbele ya wote kama mzee amekwisha kuweka sahihi, na kama hajaweka, yeye anafanya nini huku.

Roslyn alisema amekuja kuona bunduki ya Garth na risasi anazopanda nazo mlimani kesho.

Garth alicheka. Alikuwa mtu mrefu, mzuri wa sura, mwenye mazoea ya kupendwa. "Dada, unataka nikupeleke kuwinda? Ungesema mapema, nyumbu wote nimeshawagawa."

"Nitatembea kwa miguu. Nioneshe risasi."

"Skaar," Amdahl alisema, "huyu kapoteza mshirika wake. Mheshimu."

"Mwache aangalie, Dwight." Garth alichomoa bunduki kwenye ala ya tandiko, akavua mkanda wake wa ngozi wenye risasi kiunoni, akamkabidhi vyote viwili kama mtu anayemkabidhi mtoto kitu cha kuchezea. "Angalia unavyotaka. Nimezishindilia mwenyewe zote. Hata wewe ukinipa yako leo, siitii kwenye bunduki yangu."

"Sherifu, umesikia amesema niangalie? Na umesikia amesema zote ni zake?"

Amdahl alisema amesikia, na kwamba afanye haraka.

Roslyn aliuelekeza mtutu kwenye tuta la udongo nyuma ya zizi, akawaambia wateja wakae nyuma yake. Akachomoa risasi ya kwanza mkandani, akaiingiza, akasukuma komeo na kulishusha. Lilifunga kama mlango wa friji. Akaitoa. Ya pili ikafunga. Ya tatu, ya nne. Garth alianza kuwasimulia wateja habari za polisi wa kike aliyemwandikia nyumbu faini, na wateja wakacheka. Risasi zote zilifanana: maganda ya duka lile lile moja la mjini, vichwa vile vile vyenye ncha nyekundu. Roslyn akaingiza nyingine, nayo ikafunga. Zilikuwa zimebaki chache.

Iliyofuata iliingia vizuri, komeo likaenda mbele, kisha likakataa. Roslyn alilisukuma kwa kiganja, kidogo tu. Mpini wake ulibaki wima, kama mkono wa mtu anayeomba kuongea.

Kicheko kiliisha chenyewe.

Aliitoa risasi ile taratibu. Kwenye ncha, pembeni, palikuwa na mikwaruzo midogo mipya, sawasawa, pale mifereji ya mtutu ilipokiuma kichwa. Akamwonesha Amdahl. Akaisimamisha pembeni ya nyingine kwenye ubao wa zizi, na sasa hata wateja waliona: ilizidi nyingine zote kwa unene wa ukucha.

"Hii haikutengenezwa kwa bunduki hii," alisema. "Koo refu namna hii mjini hapa lilikuwa moja, na liko vipande vipande kwenye meza yangu ofisini. Hii ni ya Verlin. Ilikuwa kwenye tundu la katikati ya safu, Garth. Ukaitoa, ukaweka yako."

Garth alisema Orval ndiye aliyempa. Alisema haraka, na akaongeza kwamba ilikuwa zawadi.

"Umetia sahihi kwamba hajapata kukupa. Na sasa hivi umesema umeshindilia mwenyewe zote. Chagua uongo mmoja, nitauandika huo."

Garth akamtazama Amdahl badala ya kumtazama Roslyn. Amdahl alikuwa amelishika bakuli kama mtu aliyesahau kwamba ana mikono. Alimwita Garth kwa jina, mara moja, kwa sauti ndogo, akamuuliza kwa nini, kwa jina la Mungu, hakuitupa.

Garth Vandersloot aliitazama risasi iliyosimama kwenye ubao, na uso wake ukawa wa mtu anayetazama kitu kizuri.

"Ulishawahi kuona kazi ya mzee yule kwa karibu?" alisema. "Risasi kama hiyo haitupwi, Dwight. Nilikuwa nimeshaufungua mkono juu ya daraja. Sikuweza."

Kisha Roslyn akamwambia ageuke aweke mikono nyuma, akamfunga pingu yeye mwenyewe, akamsomea haki zake kwa sauti ya kutosha hata nyumbu wasikie, na akamwingiza garini. Aliwaambia wateja wasiondoke mjini kabla hawajaandika walichosikia. Mmoja akauliza kama watarudishiwa malipo ya safari. Roslyn alimtazama mpaka akainama kwenye bakuli lake.

Akarudi kwa Amdahl.

"Mzee wa watu ameng'oa mashine yake mezani," alisema. "Alikuwa anakuja saa kumi kukiri kuua mtu aliyempenda kama mwanawe, kwa sababu wewe ulimwambia akili yake imekwisha. Hukuvunja hata risasi moja. Kisanduku kilikaa stoo kwako tangu Jumamosi na hukuvunja hata moja. Ulikuwa unamuuza Orval Stenerud ili usikose kulungu."

Amdahl aliwaka mpaka masikio. Alimvuta kando, lakini si mbali ya kutosha. Wateja walisikia na Garth alisikia ndani ya gari. Alisema Roslyn ameifanya kazi vizuri na atamwandikia hivyo. Karatasi ya mzee ataichana mwenyewe. Ila hakuna sajini atakayemtukana sherifu mbele ya wageni, kwenye wilaya yake, halafu akaingia ofisini Jumatatu kama kawaida. Atarudi pale kwenye majani makavu, sasa hivi, aseme mbele ya wale watu kwamba amekosa adabu, na yataishia hapo. Asipofanya hivyo, aache beji kwenye gari.

"Karatasi utaichana," Roslyn alisema, "na utaichanea mbele ya mzee, bandani kwake, umevua kofia. Beji ukiitaka njoo uichukue."

"Neno moja tu, Skaar. Nakuomba kistaarabu. Omba radhi, tuendelee na kazi."

"Siombi."

"Kwa heshima ya kiti, si kwa ajili yangu."

"Nimekusikia, bosi," alisema, akafungua mlango wa gari. "Siombi radhi. Sikuombi wewe, na hicho kiti sikiombi."